Acha Kukariri: Jenga Jedwali la Elementi kwa Maharage, Mahindi na Mchele

Wanafunzi wa kidato cha pili ninaowafundisha tuisheni ya jioni hapa Mwanga, Kigoma, wengi huja wameshakariri. Watakushushia elementi ishirini za kwanza, hidrojeni mpaka kalsiamu, bila kuvuta pumzi. Muulize mmoja wao kwa nini potasiamu imekaa chini ya sodiamu na haikuwekwa chini ya klorini, ataangalia dari. Simlaumu. Alipewa orodha, na orodha haijibu swali la "kwa nini". Jedwali lina umbo, na umbo hilo linatokana na jinsi elektroni zinavyojipanga ndani ya atomu. Ukilijenga mwenyewe kwa mikono yako, hutalazimika kuliimba tena.

Huu ni mwongozo wa kulijenga. Tutaishia elementi ya 20, na lengo ni dogo: ukimaliza uweze kueleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini chumvi ya Uvinza ina sodiamu moja kwa klorini moja, isiwe mbili kwa moja wala moja kwa tatu. Anayeweza kueleza hilo ameshaupita mlima mkubwa wa kemia ya kidato cha pili.

Vifaa

Tafuta kikombe kimoja cha maharage mekundu (ya Kasulu yanapatikana kila genge), kikombe cha mahindi meupe makavu na konzi ya mchele. Boksi tupu la sabuni au biskuti ulikate vipande 20 vyenye ukubwa wa karata. Ongeza makapeni, chaki na sakafu ya saruji iliyofagiliwa. Chumvi kidogo itahitajika baadaye. Kama mchele hakuna, tumia ulezi. Usitumie dagaa, paka wa jirani hawaheshimu somo.

Maharage ni protoni, mahindi ni neutroni, mchele ni elektroni. Andika hivyo ubaoni au ukutani, maana baada ya nusu saa lazima mtu atauliza.

Hatua ya 1: Zifahamu chembe tatu kabla ya kuzishika

Protoni ina chaji chanya na inakaa kwenye kiini, katikati ya atomu. Neutroni inakaa humo humo kwenye kiini, ina uzito unaokaribia kulingana na wa protoni, ila haina chaji. Elektroni ina chaji hasi, iko nje ya kiini, na ni nyepesi mno: zinahitajika elektroni kama 1,836 kufikia uzito wa protoni moja. Kwa hiyo ukipima uzito wa atomu, unapima kiini. Mchele huo tunauhesabu lakini hatuupimi.

Chembe hizi hazikujulikana kwa mkupuo mmoja. J. J. Thomson aliigundua elektroni mwaka 1897, akiwa Cambridge, Uingereza. Yeye alidhani chaji chanya imesambaa atomu nzima na elektroni zimepachikwa humo. Wazo hilo lilivunjwa Manchester. Mwaka 1909 Hans Geiger na Ernest Marsden, wakifanya kazi chini ya Ernest Rutherford, walirusha chembe za alfa (chembe ndogo zenye chaji chanya) kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Karibu zote zilipenya moja kwa moja. Chache zilipinda, na chache zaidi zilirudi zilikotoka. Mwaka 1911 Rutherford akatoa maelezo: atomu sehemu kubwa ni tupu, na chaji chanya yote pamoja na karibu uzito wote vimebanwa kwenye kiini kidogo sana katikati. Neutroni ilichelewa kupatikana kwa sababu haina chaji ya kuifichua. James Chadwick aliithibitisha mwaka 1932.

Huo utupu ndio unaowasumbua watu, na picha za vitabuni huwadanganya kwa sababu karatasi haina nafasi. Chukua atomu ya kaboni. Kiini chake kingekuwa na ukubwa wa harage moja, nawe umelishika mlangoni mwa stesheni ya reli Kigoma, basi elektroni zake za nje zingekuwa zaidi ya mita 100 kutoka hapo uliposimama, na katikati hakuna kitu. Mchoro tutakaouchora sakafuni hautafuata vipimo hivyo. Ni mchoro wa kuhesabia tu.

Hatua ya 2: Jenga kiini, ujue jina linatoka wapi

Chora duara dogo kwa chaki. Weka harage moja ndani. Umetengeneza kiini cha hidrojeni, na hakihitaji hata hindi moja. Weka harage la pili pamoja na mahindi mawili: heliamu. Harage la tatu na mahindi manne kwa jumla: lithiamu.

Sasa sikiliza kanuni ambayo ningependa uishike kuliko zote: idadi ya maharage ndiyo elementi yenyewe. Maharage sita ni kaboni, iwe kwenye mkaa wa Uvinza, kwenye mafuta ya mawese au kwenye pumzi unayotoa. Ongeza harage moja, kaboni haipo tena, umepata naitrojeni. Dhahabu ina protoni 79 na risasi ina 82. Tofauti ya protoni tatu ndiyo inayotenganisha pete ya harusi na betri kuukuu ya gari. Hesabu hiyo ya protoni inaitwa namba ya atomu.

Mahindi ni habari nyingine. Ukiongeza au kupunguza mahindi, elementi haibadiliki jina, inabadilika uzito tu. Atomu za elementi moja zenye idadi tofauti ya neutroni ndizo isotopu. Weka maharage sita na mahindi sita: kaboni-12, iliyo ya kawaida. Ongeza mahindi mawili: kaboni-14. Bado ni kaboni, inaungua na kuungana vilevile, ila kiini chake hakitulii. Kila baada ya miaka 5,730 hivi, nusu ya kaboni-14 iliyokuwepo huwa imegeuka naitrojeni.

Mahindi hayo mawili yana kazi hapa kwetu. Uvinza, karibu na mito Ruchugi na Malagarasi inapokutana, kuna chemchemi za maji ya chumvi, na watu wamekuwa wakiyachemsha kwenye vyungu tangu zamani sana. Wataalamu wa mambo ya kale walichimba pale miaka ya 1960, na mabaki ya mkaa wa majiko hayo yalipimwa kwa kaboni-14. Yalionyesha kuwa kazi ya chumvi ilikuwepo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Wachemsha chumvi hawakuandika tarehe, neutroni ziliwaandikia.

Hatua ya 3: Zungushia elektroni

Atomu ambayo haijaungana na kitu haina chaji kwa ujumla, kwa hiyo idadi ya mchele iwe sawa na ya maharage. Maharage 11, mchele 11. Hapo hakuna la kujadili. La kujadili ni mchele huo unakaa wapi.

Elektroni hukaa kwenye maganda yanayozunguka kiini. Niels Bohr, Mdenmark, ndiye aliyeleta mwaka 1913 picha ya elektroni kukaa kwenye viwango maalumu vya nishati. Fizikia ya baadaye imeonyesha kwamba elektroni haizunguki kwenye barabara nyembamba aliyoifikiria, lakini kwa kuhesabu elementi 20 za kwanza picha yake inatutosha kabisa.

Chora maduara manne kuzunguka kiini. Jaza kuanzia ndani kwenda nje. Duara la kwanza linachukua punje 2, basi. La pili linachukua 8. La tatu, kwa elementi hizi 20, lijaze mpaka 8 kisha hamia la nne. (Ganda la tatu kwa kweli linaweza kubeba 18. Nitarudi hapo mwishoni, usinikatize sasa.)

Jaribu sodiamu. Maharage 11 katikati, mahindi 12, na mchele 11: mbili ganda la kwanza, nane la pili, inabaki moja peke yake ganda la tatu. Tunaandika 2-8-1. Jaribu klorini yenye maharage 17: mbili, nane, saba. 2-8-7. Iache michoro hii miwili sakafuni, usiifute. Mingine unaweza kufuta kadiri unavyoendelea.

Fanya zote 20. Najua inachosha. Ukifika ya nane au ya tisa utaanza kuona kitu kinajirudia bila kuambiwa, na ndicho tunachokitafuta.

Hatua ya 4: Andika kadi

Kila kipande cha boksi kiandike alama kwa herufi kubwa katikati, namba ya atomu juu, uzito chini (kila protoni na kila neutroni huhesabiwa 1), na mpangilio wa elektroni pembeni kwa wino wa rangi nyingine. Hizi hapa, kwa mfuatano wa alama, jina, namba ya atomu, uzito na mpangilio:

H, hidrojeni, 1, uzito 1, 1
He, heliamu, 2, uzito 4, 2
Li, lithiamu, 3, uzito 7, 2-1
Be, beriliamu, 4, uzito 9, 2-2
B, boroni, 5, uzito 11, 2-3
C, kaboni, 6, uzito 12, 2-4
N, naitrojeni, 7, uzito 14, 2-5
O, oksijeni, 8, uzito 16, 2-6
F, florini, 9, uzito 19, 2-7
Ne, neoni, 10, uzito 20, 2-8
Na, sodiamu, 11, uzito 23, 2-8-1
Mg, magnesiamu, 12, uzito 24, 2-8-2
Al, alumini, 13, uzito 27, 2-8-3
Si, silikoni, 14, uzito 28, 2-8-4
P, fosforasi, 15, uzito 31, 2-8-5
S, salfa, 16, uzito 32, 2-8-6
Cl, klorini, 17, uzito 35.5, 2-8-7
Ar, agoni, 18, uzito 40, 2-8-8
K, potasiamu, 19, uzito 39, 2-8-8-1
Ca, kalsiamu, 20, uzito 40, 2-8-8-2

Alama Na na K zinatokana na majina ya Kilatini, natrium na kalium. Ni hizo mbili tu kwenye ishirini zetu, zishike tu.

Kujua idadi ya mahindi, toa namba ya atomu kwenye uzito: alumini 27 toa 13, neutroni 14. Halafu utafika klorini na utakwama: 35.5 toa 17 ni 18.5, na hakuna nusu hindi. Mtego huu huwanasa wengi kwenye mitihani. Klorini ya asili ni mchanganyiko wa isotopu mbili, na karibu robo tatu ya atomu zake zina uzito wa 35, robo iliyobaki uzito wa 37. Chukua atomu nne: 35, 35, 35 na 37. Jumla 142, gawanya kwa nne, 35.5. Kwa hiyo hakuna atomu hata moja ya klorini yenye uzito huo, ni wastani. Ukiulizwa neutroni za klorini-35 sema 18, za klorini-37 sema 20.

Hatua ya 5: Panga kadi sakafuni

Sheria ni mbili. Ya kwanza: kila ganda jipya linapoanza, anza mstari mpya. Ya pili: kadi zenye idadi sawa ya elektroni kwenye ganda la nje zikae kwenye safu moja, ya juu kwenda chini.

Hidrojeni na heliamu zinamaliza mstari wa kwanza. Lithiamu ina ganda la pili, inaanza mstari wa pili, neoni inaufunga. Sodiamu inaanza wa tatu, agoni inaufunga. Potasiamu na kalsiamu zinaanza wa nne na kadi zinaishia hapo. Acha nafasi pana kati ya kadi ya pili na ya tatu ya kila mstari, maana kwenye jedwali kamili hapo katikati huingia metali nyingine nyingi, kumi kwa mstari.

Heliamu itakuletea ubishi. Ina elektroni mbili nje, kwa nini isikae juu ya beriliamu? Kwa sababu ganda lake ndilo hilo moja, na limejaa. Tabia yake ni ya walioshiba: haiungani na kitu, sawa na neoni na agoni. Iweke juu ya neoni. Hidrojeni nayo ina elektroni moja nje, tunaiweka juu ya lithiamu, ingawa si metali. Yeye na jirani yake wa chini hawafanani kwa lolote zaidi ya hiyo elektroni moja.

Simama sasa, rudi nyuma hatua tatu, uangalie sakafu. Hilo ndilo jedwali. Mistari ya mlalo inakwambia atomu ina maganda mangapi. Safu za wima, tunazoita makundi, zinakwambia ganda la nje lina elektroni ngapi. Makundi kwenye jedwali la sasa yamepewa namba 1 mpaka 18, zikihesabiwa pia safu kumi za ile nafasi ya katikati, ndiyo maana mwenye elektroni tatu nje yuko kundi la 13. Vitabu vingine bado vinaandika kwa Kirumi, kwa hiyo kundi la 17 na kundi la VII ni la klorini lile lile.

Mrusi Dmitri Mendeleev alilipanga jedwali lake mwaka 1869, na hapo elektroni ilikuwa bado miaka 28 kugunduliwa. Alikuwa na uzito wa elementi na tabia zake, basi. Pale ambapo uzito ulitaka elementi fulani ikae mahali ambapo tabia zilikataa, aliacha nafasi wazi na kusema hapa kuna elementi haijapatikana, tena akataja itakavyokuwa. Chini ya alumini aliacha nafasi moja. Mwaka 1875 Mfaransa Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran akapata galiamu. Alipopima msongamano wake alipata gramu 4.7 kwa kila sentimita ya ujazo, Mendeleev, ambaye hajawahi kuiona, akamwambia aisafishe apime tena, inapaswa ikaribie 6. Alipopima upya ikawa 5.9. Kwangu mimi hiyo ndiyo hadithi bora ya kemia nzima. Mtu yuko St Petersburg anamsahihisha mwenzake wa Ufaransa kuhusu kitu kilicho mezani kwa huyo wa Ufaransa!

Ila uzito nao una kasoro. Angalia kadi zako za 18 na 19: agoni ina uzito wa 40 na potasiamu 39. Ukipanga kwa uzito, potasiamu inatangulia na kuangukia kwa gesi, halafu agoni inaangukia chini ya sodiamu. Vurugu. Mwaka 1913 Mwingereza Henry Moseley, kwa kutumia eksirei, alionyesha kuwa mpangilio sahihi ni wa chaji ya kiini, yaani idadi ya protoni. Aliuawa vitani Gallipoli, Uturuki, mwaka 1915, akiwa na miaka 27.

Hatua ya 6: Lisome jedwali ukiwa unatembea

Kundi la kwanza, lithiamu, sodiamu na potasiamu, zote zina elektroni moja nje na zote zinataka kuiondoa. Ni metali laini za kukatika kwa kisu, zinahifadhiwa ndani ya mafuta kwa sababu zikikutana na maji zinatoa hidrojeni na joto. Kadiri unavyoshuka, ganda la nje linakuwa mbali zaidi na kiini, mshiko unalegea, elektroni inaondoka kirahisi: potasiamu ina fujo kuliko sodiamu, sodiamu kuliko lithiamu. Kundi la 17 ni kinyume. Florini na klorini zimepungukiwa elektroni moja kufikia nane, zinainyakua popote, na anayeshika nguvu ni wa juu, florini, kwa sababu ganda lake liko karibu na kiini. Kundi la 18 wameshajaa. Mendeleev hakuwa nalo kabisa. Agoni ilitambuliwa mwaka 1894, na familia yake yote ikaja kuongezwa kama safu mpya pembeni, bila kulazimu kubomoa zilizokuwepo.

Shuka mwaloni Kibirizi usiku wavuvi wa dagaa wakijiandaa kuingia ziwani. Karabai za zamani zilikuwa na kile kikapu cheupe cha kitambaa kinachong'aa juu ya moto. Kwa miaka mingi vikapu hivyo vilitiwa toriamu, elementi ya 90. Siku hizi taa nyingi ni za LED. Chembe inayotoa mwanga ndani ya taa hizo nyeupe imetengenezwa kwa galiamu na naitrojeni. Ndiyo, galiamu ile ya nafasi aliyoiacha Mendeleev, namba 31, sasa inawaita dagaa wa Tanganyika. Paneli ya sola inayochaji taa ni silikoni, namba 14. Betri ni ya lithiamu, namba 3, au ni nzito ya risasi, namba 82.

Kwenye pakiti ya chumvi dukani pameandikwa ina madini joto. Hayo ni iodini, namba 53, iliyo kundi la 17 pamoja na klorini, na huongezwa kidogo sana ili watu wasipate uvimbe wa tezi ya shingo. Na majivu ambayo bibi zetu waliyachuja kutengenezea sabuni ya mawese? Nguvu yake inatokana na misombo ya potasiamu, yaani potasiamu iliyoungana na elementi nyingine. Sabuni ya siku hizi inayopikwa kwa kostiki soda inatumia sodiamu. Kundi lile lile, kazi ile ile. Ya potasiamu huwa laini, ya sodiamu huganda vizuri.

Hatua ya 7: Tengeneza chumvi

Rudi kwenye michoro miwili uliyoiacha. Sodiamu 2-8-1. Klorini 2-8-7. Chukua ile punje moja ya nje ya sodiamu, ipeleke kwenye ganda la nje la klorini. Hesabu upya.

Sodiamu sasa ni 2-8, mpangilio wa neoni. Klorini ni 2-8-8, mpangilio wa agoni. Zote zimetulia. Lakini maharage hayajaguswa, kwa hiyo sodiamu bado ni sodiamu: ina protoni 11 na elektroni 10, chaji yake ni chanya moja. Klorini ina protoni 17 na elektroni 18, hasi moja. Zimekuwa ioni. Chanya na hasi vinavutana, ioni zinajipanga kwa zamu pande zote, unapata punje ya chumvi. Moja ilikuwa na elektroni moja ya kutoa, nyingine nafasi moja ya kupokea. Ndiyo maana ni NaCl na haiwezi kuwa vingine.

Metali inayowaka majini na gesi ya sumu, ile iliyotumiwa kuulia askari Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915, zimeingia kwenye mchuzi wa migebuka na hakuna anayeogopa. Kinachoamua tabia ni elektroni za nje, nazo zimeshabadilisha makazi.

Fanya vivyo hivyo kwa magnesiamu, 2-8-2. Ina punje mbili za kutoa na klorini moja inapokea moja, hivyo unahitaji klorini mbili: MgCl₂. Kalsiamu na oksijeni: inatoa mbili, inapokea mbili, CaO, ndiyo chokaa isiyozimuliwa. Kwa maji mambo ni tofauti kidogo. Oksijeni inataka mbili, hidrojeni haitaki kuachia moja kwa moja, kwa hiyo zinachangia: punje moja ya kila hidrojeni na moja ya oksijeni zinakaa katikati yao na kuhesabiwa pande zote. H₂O.

Ukiwa na jiko la gesi, mwagia chumvi kidogo sana kwenye mwali wa bluu (uso uwe mbali, na watoto wawe na mtu mzima). Mwali utageuka njano. Joto limeisukuma elektroni ya nje ya sodiamu kwenda kiwango cha juu zaidi cha nishati. Inaporudi inatoa nishati ile kama mwanga, na kwa sodiamu mwanga huo huwa njano. Ni njia ya haraka ya kuona kwa macho kwamba viwango vya nishati vya elektroni havikubuniwa na watunga mitihani.

Hatua ya 8: Jipime

Jibu bila kuangalia kadi, kisha zitumie kusahihisha.

Atomu ina protoni 13 na neutroni 14. Ni alumini, uzito 27, mpangilio 2-8-3, mstari wa tatu, kundi la 13.

Elementi yenye mpangilio 2-8-6 itafanana tabia na ipi kati ya naitrojeni, oksijeni na florini? Ni salfa, na itafanana na oksijeni, kwa sababu zote zina sita nje.

Chembe ina protoni 12 na elektroni 10. Wengi husema neoni kwa kuona 10. Ni ioni ya magnesiamu, Mg²⁺. Hesabu maharage kwanza, siku zote.

Fomula ya alumini na oksijeni? Alumini inatoa tatu, oksijeni inapokea mbili. Alumini mbili zinatoa sita, oksijeni tatu zinapokea sita: Al₂O₃. Utando mwembamba wa kitu hicho ndio unaoilinda sufuria yako isiliwe na hewa.

Baada ya kadi ya 20

Nilisema ganda la tatu linaweza kubeba 18. Potasiamu na kalsiamu zililiacha na nane na kuhamia la nne, kwa sababu kwao huko ndiko kunakohitaji nishati ndogo. Kuanzia skandiamu, namba 21, elektroni zinarudi kujaza nafasi kumi zilizobaki za ganda la tatu, kwa kawaida moja moja, mpaka zinki, namba 30. Hapo ndipo ile nafasi pana uliyoiacha sakafuni inapojaa: chuma 26, shaba 29 na wenzao. Galiamu, 31, ndiyo inayorudi kwenye safu ya alumini.

Nyingi kati ya hizo kumi za katikati zinaweza kutoa elektroni za ganda la nje na baadhi za ganda la ndani yake, kwa hiyo zina valensi (idadi ya elektroni inazotoa) zaidi ya aina moja. Chuma hutoa mbili au tatu, shaba moja au mbili. Ndiyo sababu kwenye majina ya misombo yao huandikwa namba ya Kirumi, chuma (II) au chuma (III). Kwa elementi hizo usitegemee kuhesabu mchele wa nje. Angalia namba hiyo ya Kirumi kwanza, ndipo uandike fomula.